Mzee wa Fedha Ndani ya Gogo

Dadangu alikuja kibandani kwangu asubuhi, kashika kitu ndani ya kanga kama mtu aliyebeba kuku wa wizi. Mimi nilikuwa nalehemu taa ya chemli. Nikamwambia, "Kama ni mayai mabovu, mrudishie aliyekuuzia." Hakucheka. Akafungua kanga juu ya meza, na mimi nikaacha kucheka.

Kilikuwa kikombe cha Padre. Padre wetu wa misheni alikuwa mzee aliyekaa China miaka mingi, mpaka wakubwa wapya wa huko wakawafukuza mapadre, akaletwa kwetu upande wa Masasi. Kiswahili chake kilikuwa na mawe ndani, kama mchele wa dukani, lakini watu walimpenda. Kitu pekee alichotoka nacho China ni hicho kikombe.

Hakikuwa kikombe kama unavyokijua. Kilikuwa gogo. Gogo la fedha tupu, urefu wa kiganja na zaidi, lina magamba, lina vifundo na mizizi iliyojikunja, limechimbwa ndani kama mtumbwi. Ndani kaketi mzee mwenye ndevu, kaegemea nyuma, mkononi kitabu, anasoma kama hana watoto wa kulisha. Kinywaji kinamiminwa mbele ya magoti yake, unanywea kwenye ncha ya gogo. Padre alinywea kwinini yake humo, na siku nyingine dawa ambayo haikutoka zahanati. Alikuwa akisema mzee yule alielea mtoni na gogo lake mpaka akatokea kwenye mto wa mbinguni, kati ya nyota. Chini ya gogo kulikuwa na maandishi ya Kichina, mistari miwili midogo.

Sasa mkono wenye kitabu ulikuwa umeng'oka.

"Kimeniteleza na sabuni," dadangu alisema. "Kimepiga saruji."

"Padre yuko wapi?"

"Kaenda Lindi kung'olewa meno. Anarudi Jumamosi."

Ilikuwa Jumatatu. Dadangu alifua na kusafisha kwa Padre, na kwa kazi hiyo alipewa chumba cha misheni, yeye na wanawe wawili. Mumewe alikwenda kwenye mashamba ya mkonge akasahau njia ya kurudi. Katekista aliyesimamia wafanyakazi alikwisha kumtoa mwanamke mmoja kwa kuvunja bakuli la supu, bakuli la kawaida tu. Akasema mbele ya wote kwamba atakayevunja kikombe cha Padre akunje mkeka wake kabla hajaulizwa. Dadangu hakuwa na pengine pa kutandika mkeka. Mimi nililala kwenye kibanda hichohicho nilichofanyia kazi, kichwa kwenye makaa, miguu barabarani.

"Kaa utulie," nikamwambia. "Nimelehemu sufuria za wilaya nzima. Huyu mzee atanishinda? Mkono mmoja tu."

"Unaweza kweli, mdogo wangu?"

"Nitampa na wa tatu akitaka."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipotutia shimoni. Mimi ni Mmakonde, nimekulia kwa wajomba wanaochonga. Kwetu kinyago kinatoka kwenye gogo moja. Ukikuta mtu kabeba mtu aliyebeba mtungi, wote watatu walikuwa mti mmoja, fundi katoa tu kisichotakiwa. Kitu cha kuungaungwa tunakiita kiti. Basi mimi nikaangalia kikombe kile, gogo na mzee, sikuona kiungo popote, nikajua: hiki kimechongwa kwenye pande moja la fedha. Ulivunjika mkono, haukubanduka. Na pande moja haliogopi moto.

Nikaweka lehemu yangu ya madini ya risasi begani kwa mzee. Ikakataa kushika, fedha inanyonya joto lote la chuma changu. Nikasema sawa, nikakiweka kikombe chenyewe juu ya makaa nikavuta mivukuto. Risasi ikayeyuka, ikateremka mgongoni kwa mzee, ikazunguka mpaka chini ya gogo. Nikaongeza upepo. Gogo likaanza kuwa jekundu. Halafu nikaona kichwa cha mzee kinainama polepole, kama mtu anayesinzia kanisani, kikadondoka ndani ya gogo lake. Mkono wa pili ukafuata. Kisha viatu, kimoja kimoja.

Dadangu alikuwa kakaa kwenye kigoda anaangalia. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ndivyo inavyofanywa?"

Niliacha mivukuto, nikaanza kuokota viatu kwa koleo.

Jumanne alfajiri nilifunga vipande kwenye kitambaa, nikapanda baiskeli kwenda Newala. Nilipita Chiwata, halafu ule mlima nikaisukuma baiskeli mpaka juu, jasho linaingia machoni. Newala kulikuwa na mfua fedha mmoja mtu wa pwani, mzee sana, aliyeyeyusha rupia za Mjerumani na kufanya bangili za maharusi. Shilingi za Mwingereza hakuzitaka. Alisema za siku hizi ukiziyeyusha unapata kijiko cha jela.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Umeleta nini, mifupa?"

Akapanga vipande kwenye mkeka. Akageuza kichwa kile kidogo kwenye mwanga wa mlango. Kisha akanionyesha. Kila kipande kilimiminwa peke yake kwenye kalibu yake: gogo, kiwiliwili, kichwa, mikono, viatu. Vikaungwa kwa fedha iliyochanganywa na shaba kidogo, inayoyeyuka mapema kuliko fedha yenyewe. Halafu fundi akashika patasi ndogo akachora magamba na mikunjo ya nguo juu ya kiungo, mpaka kiungo kikafa. "Mtu huyu kafanya kazi ya miezi," alisema, "ili mjinga kama wewe adhani hakufanya kitu."

"Kanipata, mzee."

"Na hii takataka ya kijivu ni nini?"

"Risasi."

Akanitazama kama nimemtukania mama. Akanieleza kwamba risasi ikikutana na fedha motoni inaila. Tayari kulikuwa na vitundu begani, kama vya mchwa. Kuunga upya alikuwa anaweza, lakini kwanza risasi yote ikwanguliwe, isibaki hata chembe. Akageuza gogo. Chini, risasi ilikuwa imelala juu ya maandishi, imejaza kila mstari.

"Hili ni jina la fundi," alisema.

"Unasoma Kichina?"

"Sisomi. Lakini fundi huandika jina lake mahali mnywaji haangalii. Mimi pia." Akanipa tupa. "Nitaunga kila kitu. Jina la fundi mwenzangu silifuti. Futa wewe."

Nilikaa na ile tupa. Niliwaza kumrudishia Padre vipande kama vilivyo, na maandishi yake. Halafu nikawaza wanawe dadangu, mdogo alikuwa na kikohozi, na mvua za masika zilikuwa karibu. Nikakwangua. Nilikwangua mpaka jioni, mpaka pale chini pakawa panang'aa kama paji la uso. Mzee alikuwa akipuliza moto wake, kanipa mgongo.

Ijumaa kikombe kilikuwa rafuni kwa Padre. Mzee wa fedha kichwa chake begani, kitabu mkononi. Ukijua utaona shingo imenenepa kidogo. Jumamosi Padre akarudi na pengo, akanywa, hakusema kitu. Dadangu akaniletea kuku, wa halali. Tukala.

Mwezi mmoja baadaye akaja mgeni kwa Padre. Dadangu alikuwa anapanga sahani, akaona yote. Padre aligeuza kikombe amwonyeshe mgeni maandishi. Hayapo. Akakigeuza tena. Akavaa miwani. Akamuuliza dadangu, "Hapa hakukuwa na maandishi?"

"Sijawahi kuona, Padre."

Tangu siku hiyo, dadangu aliniambia, Padre alikaa na kikombe mapajani akizungumza peke yake. Alianza kuuliza mambo mengine pia: je, niliwahi kukufundisha sala hii? Huyu mtoto nilimbatiza mimi? Mwisho akamwambia dadangu kwamba kichwa chake kimechoka, kinamwonyesha vitu ambavyo havikuwepo, na atawaandikia wakubwa wake waje wamrudishe Ulaya.

"Usiende kwa Padre," dadangu alinishika mkono niliposimama. "Nakuomba. Nina wanangu."

"Siendi kukutaja."

Nikaenda. Padre alikuwa barazani. Nilimwambia niliingia dirishani alipokuwa Lindi, nikaiba kikombe nikakiuze, kikanivunjikia, nikaogopa, nikakitengeneza, nikakirudisha. Maandishi niliyafuta mimi, kwa tupa. Hakuna yeyote wa nyumbani aliyejua.

Alivua miwani. Kisha akauliza, "Mistari mingapi?"

"Miwili, Padre. Ule wa kushoto mfupi."

"Kwa hiyo yalikuwepo," akasema. Akalisema tena, kwa lugha nyingine, sijui ya kwao au ya China. Alifunika uso kwa mikono, mabega yanamtikisika, na mimi sikujua analia au anacheka. Halafu akaniambia niondoke, nisikanyage tena misheni.

Katekista alikuwa nyuma ya mlango, kwa hiyo kufikia jioni wote walijua. Sufuria za kulehemu zikaacha kuja. Dadangu alibaki na chumba chake. Tukikutana sokoni mbele ya watu ananipita kama mgeni, ndivyo tulivyopatana, na mimi ndiye niliyemwambia afanye hivyo. Watoto wake ndio hawakuambiwa ukweli. Siku moja yule mdogo aliniona kwenye foleni ya chumvi, akamvuta mwenzake kando, akamwambia, "Shika hela yako vizuri, huyo ni mjomba."