Swali Nililouliza Mbele ya Mkwe

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hata sasa nikiikumbuka natazama chini. Wewe Jumatatu unaanza kazi kwenye wodi ya upasuaji wa mgongo, na nimeona ulivyolipiga pasi hilo koti jeupe mara mbili. Basi kaa kidogo nikusimulie.

Nilikuwa daktari kijana katika zahanati moja jirani na soko la Kikuubo. Wagonjwa wetu wengi walikuwa wapagazi, watu wa kubeba marobota tangu asubuhi, na kila mmoja alilalamikia mgongo. Nilijisifu kwamba sina haraka na kisu. Na kwa wengi sikukosea: dawa ya maumivu, mazoezi, kupunguza mizigo, na baada ya wiki kadhaa mtu anarudi akicheka. Sifa zikanipanda kichwani.

Asubuhi moja akaja Sulaiti, mpagazi wa miaka kama thelathini, akiburuta mguu. Mkewe alikuwa amejifungua siku nne tu zilizopita, kwa hiyo aliyemsindikiza ni mama mkwe wake, aliyekuja kumhudumia mzazi. Unajua Waganda na mambo ya ukwe. Mtu na mama mkwe wake hata kugusana mikono hawagusani. Yule mama alikaa kwenye benchi nje, ameupa mlango mgongo, na mlango wenyewe niliuacha wazi kwa sababu ya joto.

Nikauliza maswali yangu kwa sauti ya mtu anayejua kila kitu. "Mkojo unatoka sawasawa? Choo je? Pale unapokalia, kuna ganzi?"

Akatazama mlangoni. "Niko sawa, musawo," akasema, yaani daktari kwa Kiganda.

Kule kuburuta mguu nikasema ni maumivu tu. Nikamwandikia dawa na mazoezi, arudi baada ya wiki tatu.

Sista Mariamu, nesi wetu mkuu, mama wa Kinubi, alinivuta pembeni kabla Sulaiti hajasimama. Hakunifokea. "Daktari," aliniambia polepole, "umemuuliza kijana wa watu habari za choo chake, mkwewe anasikia. Ulitaka akujibu nini?"

Banange! Nilitamani ardhi inimeze.

Akamchukua yule mama wakanywe chai upande wa pili. Nikafunga mlango, nikavuta kiti karibu, nikauliza upya. Sulaiti akalia. Tangu jana yake jioni mkojo ulikuwa hautoki akijaribu, ila unamdondoka bila yeye kujua, na pale anapokalia hahisi kitu. "Musawo, mtoto wangu hata jina hajapata. Nitatembea kweli?"

Nikampima upya pale pale. Mishipa ya fahamu ya chini ilikuwa imebanwa, na kila saa ilikuwa na thamani. Tulimkimbiza hospitali kubwa, akapigwa picha, na kabla ya magharibi alikuwa ameshapasuliwa. Alitembea, alhamdulillahi. Mkojo ulirudi taratibu, unyayo mmoja ukabaki mzito, na marobota akayaacha. Lakini angeondoka na karatasi yangu ya wiki tatu, ningekuwa nimemlemaza mimi.

Kwa hiyo nakuomba, kipenzi changu. Mgongo unaouma peke yake usiukimbilie na kisu, hata picha ikionyesha kasoro. Wengi wana picha mbaya na bado wanacheza harusini. Maumivu yakishuka mguuni, yakakataa dawa na mazoezi kwa wiki nyingi, na picha ikakubaliana na anachokuambia mgonjwa, hapo kaeni mzungumzie upasuaji. Mweleze faida na hatari zake, na uamuzi uwe wake. Lakini nguvu za mguu zikipungua, ganzi ikimshika anapokalia, mkojo au choo kikimgomea, usingoje kesho. Na hayo mtu hakuambii mbele ya wakwe. Watoe watu kwanza, ndipo uulize, tena uulize kwa upole.

Mungu akupe mkono mtulivu na sikio lisilochoka. Utakayempasua ainuke, na utakayemwambia hahitaji kisu, iwe kweli hakihitaji. Nenda, mwanangu, na radhi zangu zote.