Ungo wa Vinavyoshika

Mama alipoanza kupoteza macho, hakulilia jua wala nyuso zetu. Alililia kazi. Maisha yake yote alikuwa akisuka makapu pale Kivinje, na kilichomtisha ni kukalishwa barazani kama mgonjwa, akiletewa chai. "Nikikaa bure mtakuwa mmenizika mzima," aliniambia.

Akanituma nimwokotee vitu vya kupapasa. Nikaleta kaa wakavu, chaza, manyoya ya kuku, ngozi ya samaki changu na magamba yake, mbegu za porini, jongoo aliyekauka amejikunja. Nikavipanga vizuri kwenye nyungo, vya pwani huku, vya porini kule. Kesho yake nikakuta amevivuruga vyote. Gando la kaa limelala na mbegu zinazong'ang'ania nguo: huo ungo wa vinavyoshika. Jongoo yuko na chaza, vinavyojifunga. Magamba na manyoya, vinavyomwaga maji. Nilichukia, maana mimi napenda kila kitu kikae na ndugu zake.

"Undugu wao unanisaidia nini?" akasema. "Nataka kujua kila kimoja kinafanya kazi gani."

Miaka hiyo biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa. Tulizoea kupanga foleni ya sabuni, mara tukaamka tumezungukwa na ndoo za plastiki za kila rangi, kama tuko ndotoni. Makapu yakadoda. Jirani yetu muuza samaki naye alinunua ndoo, lakini hazikupita siku nyingi akaja kulalamika.

"Shikamoo, mama. Ndoo haina hewa, samaki wanaharibika. Na kapu nalo linanichuruzikia nguo mpaka mjini Masoko."

"Marahaba," mama akajibu, mkono wake tayari uko kwenye magamba. Aliyapapasa asubuhi nzima, kichwani kwenda mkiani, akitabasamu peke yake. Kisha akasuka kapu ambalo ndani yake vipande vya ukili wa majani ya mkindu vililaliana, ncha zikielekea chini, maji yote yakateremkia kwenye kifuu kilichokaa kitakoni. Jirani akarudi na wenzake, kila mmoja anataka lake. Nilifurahi mpaka nikalia.

Macho yake yalizima kabisa bila mimi kujua, kwa kuwa mikono haikusimama. Nilijua siku nilipompa kikombe cha chai, mkono wake ukakipita, ukakamata kiganja changu. Akakipapasa taratibu.

"Na hiki je, kazi yake nini?" akanitania.

"Kinakushika wewe, mama."

Akakilaza kwenye ungo wa vinavyoshika, wala hakukiachia. Chai ikapoa.