Aliyemzuia Mama Mkwe Mlangoni mwa Kanisa

Habari za msiba zilinikuta Ilongero, nikisubiri zamu yangu kwenye mashine ya kukamua alizeti. Mwendesha bodaboda mmoja alipunguza mwendo, akapaza sauti kuushinda muungurumo wa mashine: "Mwenyekiti wetu wa kigango hatunaye. Amefariki asubuhi." Akaondoka kwenda kuwapasha wengine. Sikulia, wala sitajifanya mbele yenu wasomaji wangu kuwa nililia. Marehemu hakuwa rafiki yangu. Tulisalimiana kwenye kanisa letu dogo la kigango na mnadani, tukabishana mara chache, basi. Hata hivyo zamu yangu ilipita nikiwa nimesimama tu, nikiifikiria Jumapili moja ambayo hadi leo ikitajwa pale kijijini watu huangaliana kwanza kabla ya kuendelea.

Mnakumbuka korona ilipotuingilia. Parokia yetu ilisimamisha Misa kwa muda, na ruhusa ya kurudi ilipotoka, padre alimkabidhi mwenyekiti kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kuhakikisha tunasali bila kuambukizana. Aliifanya kwa ukali wa askari jela. Bakuli la maji ya baraka likaondolewa mlangoni, vibuyu chirizi vikatundikwa nje, na asiyenawa kwa sabuni haingii. Waliovaa barakoa kidevuni aliwanyooshea kidole mbele za watu. Kubwa zaidi, alifuta kushikana mikono wakati wa kutakiana amani. Sisi ambao tulizoea kuzunguka nusu ya kanisa tukipeana mikono, tukabaki kuinamishiana vichwa kama watu wenye kesi. Mama mmoja wa kwaya akashindwa kuvumilia: "Mwenyekiti, hii amani tunapeana au tunanyimana?" Tukacheka. Mwenyekiti hakucheka, kwa kuwa alikuwa ametoka kumzika kaka yake, aliyekufa akihangaika kuvuta pumzi, na ugonjwa wenyewe hakuna aliyethubutu kuutaja pale msibani.

Jumapili ninayoisema ndiyo ile ya kwanza ya kurudi. Kabla ya Misa, nilikuwa kwenye mstari wa kunawa, na mbele yangu alisimama mama mkwe wa mwenyekiti, mjane aliyetembea kutoka kitongoji cha mbali, kitenge kipya, rozari mkononi. Alikuwa anakohoa. Alijitahidi kukimeza kikohozi, lakini kilimshinda, na kila kilipomtoka mstari ulizidi kuachana. Pale kwetu mama mkwe akija njiani, mwanaume hujitenga pembeni mpaka apite. Tukamtazama mwenyekiti tuone atafanya nini. Hakujitenga. Alisimama katikati ya mlango, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipishe niingie."

"Mama, naomba leo usalie nje. Benchi liko kivulini, na padre atakuletea Komunyo hapo hapo."

"Unanifukuza kanisani? Wewe? Niliyekupa binti yangu?"

"Sikufukuzi, mama. Nakuomba."

Ndani kwaya ilikuwa imeanza wimbo wa mwanzo, na mke wa mwenyekiti alikuwa mstari wa mbele wa waimbaji. Alimwona mama yake pale mlangoni, akanyamaza katikati ya ubeti. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yao wote. Padre alipotoka baadaye na Komunyo hadi pale benchini, yule mama alifunga mdomo, akageuza uso, akashika njia ya kwao. Jioni mke wa mwenyekiti akamfuata mama yake, akakaa huko hadi mtama ulipovunwa.

Mke alirudi. Mama mkwe hakukanyaga tena nyumba ile. Kila sikukuu mwenyekiti alituma wazee wakamwombee msamaha, na kila mara walirudi na jibu lile lile, kwamba mama anasikia lakini hana la kusema. Wengine walisema ni haki yake, maana kikohozi kile huenda kilikuwa vumbi tu. Huenda kweli. Hilo ndilo linaloniudhi katika kazi za namna hii, za mwalimu mkali, za muuguzi anayekukatalia kumwona mgonjwa wako: likiharibika jambo wanalaumiwa, lisipoharibika wanaulizwa walikuwa wanazuia nini. Pale kigangoni hakuna aliyeugua baada ya Jumapili ile, na hakuna aliyemshukuru.

Juzi tumemzika. Mama mkwe alikuja, ameshikwa mkono na mjukuu, akakaa karibu na jeneza. Tulipomaliza kuweka mashada nilimsogelea, nikamwamkia, nikampa pole.

"Kikohozi kile kilipona mapema tu," akasema. "Kununa ndiko kulikonila miaka yote hii. Wiki iliyopita nilisema nitakwenda kwake. Nikasema ngoja kwanza nimalize kupepeta mtama. Sasa nimwambie nani, mwanangu?"

Ninachoweza kuwaambia ninyi mnaonisoma ni hiki: kama yuko mtu aliyewahi kukuzuia mlangoni kwa sababu alikuogopea, wewe au wengine, na bado umemnunia, acha kupepeta. Nenda leo, angali anaweza kuitikia hodi yako.