Tasnifu za Mtakatifu Monika

Valentini alifika kwenye kilima kile karibu na Mchinga akiwa fundi mwashi kutoka Miteja. Wakati huo Chuo cha Mtakatifu Monika kilikuwa vyumba viwili vya kufundishia makatekista. Yeye ndiye aliyejenga cha tatu, kisha bweni, kisha maktaba. Chuo kilipopata kibali cha kutoa shahada za historia, falsafa na lugha, mgongo wake ulikuwa umekwisha, wakamkabidhi maktaba. Kusoma alikuwa akibahatisha. Wanafunzi ndio waliomnoa, hata akawa anasoma tasnifu zao.

Tasnifu hizo zilikuwa nakala moja moja, za miaka ishirini. Ndani yake mlikuwa na habari za wazee wa Kimatumbi waliokwisha kufa, zilizoandikwa na wajukuu wao.

Mei 2024 kimbunga kiliezua paa la maktaba asubuhi. Wanafunzi walikuwa likizo. Walikuwapo Valentini na Kazija, mpishi, peke yao. Upande wa kushoto vilipangwa vitabu vipya vya kiada, vilivyonunuliwa kwa ajili ya wakaguzi waliotarajiwa mwezi huo. Kulia, tasnifu.

"Tuanze na zipi?" Kazija aliuliza.

"Tasnifu."

"Baba Valentini, Padre Mkuu alisema watakagua vile vipya."

"Vile vitachapwa tena. Hizi hakuna wa kuziandika tena."

Walibeba hadi bwaloni, wakirudi mbio kwenye mvua. Rafu ya mwisho ya kulia ilipokwisha, dari ya upande wa kushoto ilikuwa imeshaanguka juu ya vitabu vipya.

Wakaguzi walifika barabara ilipofunguliwa, wakakuta vitabu vimevimba na kuota ukungu. Mwezi Juni ikaja barua yao: chuo hakina vitabu, kisipokee wanafunzi wapya, waliopo wahamishiwe kwingine.

Padre Sixbert, mkuu wa chuo, alimwita ofisini.

"Ulianza kutoa zipi?"

Valentini alimwambia, akangoja kufokewa. Padre alivua miwani, akakaa ameishika.

"Ningekuwapo ningekukataza," alisema.

Siku ya kuondoka wanafunzi, Jenipher, aliyebakiza muhula mmoja tu, alikuja kumuaga.

"Shikamoo, baba. Niendako wanataka nirudie mwaka wa pili. Mama hajui bado."

"Marahaba, mwanangu." Alitaka kumweleza kilichotokea asubuhi ile, aliyechagua ni nani. Badala yake akambebea begi hadi barabarani, mgongo ukimuuma, na gari likaondoka.

Kazija alirudi kwao Lindi wiki iliyofuata. Hapakuwa tena na wanafunzi wa kuwapikia. Valentini alibaki na funguo. Kila asubuhi hufungua bwalo, akazigeuza tasnifu ukurasa kwa ukurasa zisigandane. Majina ya walioziandika anayajua yote. Akifika la mwisho, la mwaka jana, husimama, kwa kuwa baada ya hapo hakuna jingine, naye hajui kama alichookoa kina mtu wa kukisoma.