Nilivyowafundisha Walimu Kutumia Simu

Mimi, fundi cherehani wa mtaa wa Jeppestown huku ugenini, niliyeishia darasa la tatu, nilipewa kazi ya kuwafundisha walimu wa watoto wetu kufundishia kwa simu! Mwalimu Neema peke yake alipinga: "Simu inaharibu watoto." Nikaapa kumgeuza, ili watoto wasome Kiswahili hata nyumbani.

Tukakutana kwa video. Nilivaa suti niliyoishona mwenyewe. Nyuma ya simu alisimama mke wangu na boksi aliloandika juu yake maelekezo yote, nami nikawa nasoma kwa madaha.

"Haya yote nimejifunza peke yangu!" nikajigamba, nikibonyeza hapa na pale. Kumbe nimeigeuza kamera.

"Papa Furaha," akaita Mwalimu Neema, "mwambie mama ainue boksi kidogo. Mstari wa mwisho hatuuoni."