Nilishinda mashindano ya taifa ya briji bila kumtazama patna wangu, na jina langu halikuandikwa

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi ni nyanya wa wajukuu tisa, niko Kiminini. Nimeandika hii kwa kidole kimoja, siku tatu. Mkiona herufi imepotea msinirudishe darasa la nne, huko nilitoka mwenyewe.

Nitawaambia vile ilikuwa. Ningetaka kudanganya ningechagua kitu mnachokijua.

Kulikuwa na mashindano ya taifa ya briji. Si daraja la mto, ni karata. Watu wanne kwa meza, wawili dhidi ya wawili. Patna wako anakaa mbele yako, uso kwa uso, na hamruhusiwi kuambiana kitu. Mnaweka vikaratasi vya kusema mtashinda mizunguko mingapi. Halafu mmoja wa hao wawili anafungua karata zake zote mezani, anaitwa dami, kazi yake imekwisha. Mwenzake anacheza karata za wote wawili.

Hiyo inatosha. Tuendelee.

Miaka ya elfu mbili mwanzo mwanzo mashindano yalikuwa yanafanyika Kitale, kwa klabu ya wakulima. Mimi nilikuwa mpishi hapo. Wakikosa mtu wa nne wananiita kutoka jikoni, "Mama, shika tu hizi karata, tutakuambia utoe gani."

Mwaka mmoja wakaniambia. Mwaka wa pili wakaacha kuniambia. Wa tatu wakawa wananiuliza.

Nikapata patna, mwalimu mstaafu wa Kachibora. Mara mbili tulikuwa namba mbili nchi nzima. Kwa ukuta wa klabu kulikuwa na ubao, mshindi wa kila mwaka anaandikwa kwa rangi ya dhahabu. Huo ubao nilikuwa naupanguza kila Ijumaa na kitambaa. Nilikuwa najua majina yote kwa kichwa, na langu halikuwemo.

Hiyo ndiyo nilikuwa nataka. Sikuwa nataka kingine.

Sasa shida ni mkwe wangu.

Binti yangu ameolewa Bungoma na karani mmoja, nitamwita Baba Nekesa. Alijifunza briji chuoni. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hawashikani mkono, hawali meza moja, hata njiani mmoja anaingia kando kwa mahindi. Mkicheka chekeni, ndiyo heshima yetu.

Na huyu mtu, kusema ukweli, sikuwa nampenda sana. Siku walipokuja kwa mambo ya mahari alinyamaza kama gunia. Nikaambia dada yangu binti ameolewa na fanicha.

Alikuwa anakuja Kitale kila mwaka na patna wake. Katibu wa mashindano, mama mmoja Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Kitale, alikuwa anajua mila zetu. Alikuwa anatuweka wote upande wa kaskazini, kwa sababu wa kaskazini hawahami meza na hawachezi wao kwa wao. Mkwe anaingia mlango wa mbele, mimi wa jikoni. Miaka mingi tulikuwa chumba kimoja na hatukuonana.

Mwaka wa mwisho, ambao hatukujua ni wa mwisho, wachezaji walikuwa wamepungua. Wengine wamekufa, wengine wamehamia kwa watoto wao ng'ambo. Na sheria ilisema meza sita, zikipungua mashindano hayapo.

Asubuhi hiyo Mwalimu yuko kitandani, miguu imefura. Patna wa Baba Nekesa amehamishwa kazi, hakuja.

Katibu akahesabu. Meza tano na nusu. Nusu ya kujaza sita ni mimi na mkwe wangu, tukikaa pamoja.

Baba Nekesa alikuwa amesimama nje ya dirisha, amenipa mgongo. Akamtuma katibu aniambie yeye atarudi Bungoma, hawezi kunikosea heshima. Nikamwambia katibu amuulize, akirudi hao watu wengine wote wamekuja kufanya nini, kunywa chai yangu?

Akasema hilo pia amelifikiria na linamuuma.

 Katibu akasema kule kwa mashindano makubwa ya dunia wanaweka pazia katikati ya meza, patna wasikonyezane. Yeye hakuwahi kulinunua.

Nikavua leso. Nikaleta mifagio miwili ya jikoni. Tukafunga, tukaacha nafasi chini ya kupitisha karata.

Kulikuwa na bwana wa Nairobi mwenye tai. Akaangalia ile leso akasema, "Hii ni tonamenti ama tunaficha bibi harusi?"

Katibu akamfungulia kitabu cha sheria, akamwekea kidole kwa mstari. Bwana akasoma. Akakaa.

Baba Nekesa akaingia akakaa upande wake wa leso, tukacheza mchana kutwa.

Mimi nikiwa dami, Baba Nekesa ndiye anataja karata yangu ya kutoa. Wengine wanasema tu "ndogo" ama "mfalme". Yeye anasema, "Kopa ndogo, tafadhali mama." Kila karata. Hesabuni wenyewe, karata kumi na tatu, meza baada ya meza. Bwana wa Nairobi, kutoka meza ya jirani, alimwambia hiyo tafadhali si lazima. Akaendelea nayo.

Na nikaanza kumjua. Hakimbilii. Hajigambi na mfalme akiwa naye. Ukikosea hapumui kwa nguvu. Mume wangu, Mungu amrehemu, ningecheza naye leso ingeraruka.

Mgao wa mwisho wa karata tulikutana na yule bwana wa tai. Tuko bega kwa bega kwa pointi. Mimi nikasema tutashinda mizunguko kumi na miwili, turufu shupaza. Ni jambo kubwa hilo, kati ya kumi na tatu unaruhusiwa kupoteza mmoja tu.

Baba Nekesa ndiye dami. Akaanza kupitisha karata zake chini ya leso, kiwiko kikagusa mfagio.

Leso ikaanguka kwa chai.

Tukatazamana. Miaka kumi na moja ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza naona ana alama ya kushonwa juu ya jicho. Binti yangu hakuwahi kuniambia.

 Baba Nekesa akapanga zile karata vizuri, kubwa kwa ndogo, zinielekee mimi. Akaenda akasimama dirishani, akaangalia ng'ombe za watu.

"Patna wako ametoroka," bwana akaniambia.

"Hajatoroka. Ameacha karata zake zote mezani."

Nikacheza mikono yote miwili peke yangu. Nilikuwa nimekosa bibi wa shupaza, yuko kwa mmoja wao na sijui nani. Nikamwangalia bwana. Amesogeza karata moja kando na zingine. Mimi nimepikia watu miaka mingi, namjua mtu aliyeficha nyama chini ya ugali.

Nikaweka jeki, akitoa bibi mfalme wa mezani anammeza. Akaangalia dari. Akatoa ndogo.

Jeki ikapita.

Baba Nekesa hakugeuka. Lakini niliona mabega yakishuka.

Wakataka picha ya washindi. Hatuwezi kusimama pamoja, basi picha ni ya kikombe juu ya kiti. Iko hapa kwangu, ni kiti kizuri.

Mchoraji wa ubao alikuwa anaitwa mwaka unaofuata, kabla ya mashindano kuanza. Mwaka uliofuata meza zilikuwa nne. Ikaja barua, mashindano yamesimamishwa kwa muda. Huo muda bado haujaisha.

Kikombe hakikuwa na wa kurudishiwa. Binti yangu anakibeba, miezi sita Bungoma, miezi sita Kiminini. Kikija kina karatasi ndani, mwandiko wa karani, karata kumi na tatu, na chini: "Mama, kwa hizi ungesema mizunguko mingapi?" Naandika jibu, kikirudi kinarudi nalo. Hiyo haijawahi kukosa meza.

Nilichojifunza ni kwamba nilikaa miaka kumi na moja nikimwita mtu fanicha, na sikuwa nimeona hata karata yake moja.

Klabu iliuzwa, ubao ukatolewa ukutani. Mwenye aliwahi kucheza hapo aseme. Na mwenye anajua ule ubao ulipelekwa wapi aniandikie hapa chini. Chini ya jina la mwisho kuna nafasi ya majina mawili, nilipima na kitambaa.

Rangi ninayo.