Mate ya Bi Zeituni

Kisumu ya miaka ya ishirini, mtoto wa Kiislamu hakuitwa msomi kabla ya kupita barazani kwa Bi Zeituni. Mumewe alimwachia nyumba na chuo cha Kurani, na kwa ukali hakuhitaji urithi. Watoto waliandika aya kwa wino juu ya mbao. Wakishazihifadhi, waliziosha kwa maji safi, na maji yale yakamwagwa shinani mwa mkomamanga, pasipokanyagwa na mtu. Kumwaga tone njiani ilikuwa bakora.

Basi serikali ikapanga elimu upya, ikafungua shule karibu na reli, masomo asubuhi. Bi Zeituni aliipinga kwa mdomo wake wote. Asubuhi ndiyo saa ya chuo. Yeye abaki kufundisha kuku? Wazazi wakapeleka watoto hata hivyo, kwa kujaribu tu.

Wiki haikwisha, wakafukuzwa. Mwalimu wao wa shuleni, Orwa, aliwaamuru wateme mate kwenye vibao vyao vyeusi wafute, kama wenzao. Wakakataa katakata, wengine wakilia. Mwalimu akaona jeuri.

Badru, mkubwa wa wazazi, ndiye aliyeleta habari. "Ulisema, Bi Zeituni, nasi tukaziba masikio. Hawarudi tena huko. Chuo ni chako."

Bi Zeituni alifurahi, tusimfiche. Alifurahi mpaka alipoketi kula, akasukuma sahani kando. Watoto wale hawakuwa na jeuri. Walikuwa na adabu aliyowafunza yeye, na adabu hiyo ndiyo iliyowafungia mlango. Ukarani wa reli na bandari ungekwenda kwa watoto wa watu wengine, wa kwake wabebe magunia.

Kesho yake akawaongoza mpaka shuleni.

"Mama, hii watoto yako ni kaidi sana," Orwa alisema mlangoni.

"Si wakaidi. Kwangu maandishi hayatemewi mate. Andika, Mwalimu."

Orwa akaandika herufi kadhaa kwenye kibao, akampa. Bi Zeituni hakujua hata moja. Akawageukia watoto.

"Haya si maneno ya Mungu. Hii ni kazi, kama kusugua sufuria."

Akatema mate, akafuta kwa pindo la kanga. Tangu azaliwe hakuwahi kulifanyia hivyo andiko lolote. Watoto wakatazamana. Mmoja akatema, kisha wote, na kicheko kikazuka.

Orwa akawapisha mlangoni. "Someni," Bi Zeituni akawaambia.

Akarudi peke yake. Barazani akakunja mikeka ya asubuhi, mmoja mmoja, huku analia.